Sinia la Bibi kwenye Lango la Tatu

Sehemu ya Tisa

"Usitie saini! Nimemsikia Bibi humo ndani!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, kalamu ya Fundi ikiwa imeshagusa karatasi na nukta moja ya wino ikiwa imeshadondoka. Wapo waliopiga simu gazetini kuuliza kama kaka mtu amerukwa na akili. Hajarukwa. Vuta kiti.

Na kama ndiyo kwanza unaingia, mambo ni haya. Fundi anatengeneza vyerehani. Kaka yake, tunayemwita Sikio, haoni tangu utotoni, na kazi yake ni kupokea simu hospitalini. Miaka sita iliyopita Fundi aliutengenezea mchezo wa zamani wa kompyuta, Malango Saba, nyongeza yake mwenyewe: nyayo zinazosikika kwenye mchanga, mbao na kokoto, na kengele ndogo zinazomwambia mchezaji ukuta uko karibu kiasi gani. Kwa nyongeza hiyo Sikio na wenzake mia nne wasioona wanacheza. Bila hiyo hawachezi.

Sasa Kampuni yenye mchezo huo imeung'arisha upya. Toleo jipya linatoka kesho asubuhi, na kanuni mpya zimeshatungwa: kila nyongeza ya mchezaji inakuwa mali ya Kampuni milele, Kampuni itaamua ibaki au itupwe, na isiyotiwa saini hadi saa sita mchana wa leo inafutwa. Fundi alikuwa anatia saini kwa ahadi kwamba kengele zake "zitafikiriwa". Mwenye akili timamu anajua ofisi ikisema itafikiria jambo, jambo hilo limeshazikwa.

"Bibi yupi?" aliuliza Bwana Kifungu.

Huyu ndiye meneja wa kanuni. Jina lake la kuzaliwa nadhani amelisahau mwenyewe, maana hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutaja kifungu.

"Bibi yetu," Sikio alijibu. "Mama yake baba. Yumo kwenye mchezo wenu."

Upande wa pili wa meza ya kioo, Chawa aliangua kicheko. Mwaka jana Chawa alikuwa kiongozi wa wachezaji. Alisimama mbele ya umati, akalia machozi, akaapa kwamba atakufa kabla nyongeza hata moja haijaguswa. Kampuni ikampa koti lenye nembo, viatu vipya vinavyolia kwi-kwi kila akikanyaga sakafu tupu, na cheo cha Balozi wa Wachezaji. Hakufa. Ghala la mtandaoni linalohifadhi nyongeza zote lilikuwa mikononi mwake, na ufunguo wake aliukabidhi kwa Kampuni siku ileile aliyovaa koti.

"Bosi, anapoteza muda huyu," alisema Chawa. "Mustakabali wa nyongeza ni mzuri sana, sema watu hawapendi maendeleo."

"Rudisheni lile onyesho la mchezo mpya pale Lango la Tatu," Sikio alisema. Hakumjibu Chawa, na sijui kwa nini mtu amjibu. "Pale shujaa anapokanyaga kokoto. Ongezeni sauti."

Bwana Kifungu alitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

"Mara moja tu. Kifungu cha pili kinaruhusu onyesho kwa wadau."

Skrini kubwa ukutani ikawaka. Shujaa akatokea, deraya mwili mzima, upanga begani, kila nywele ya ndevu zake inahesabika. Akaanza kutembea kuelekea langoni. Kwacha, kwacha, kwacha. Kokoto safi kabisa.

Halafu, chini ya kokoto, kwa mbali, ikasikika sauti ya mwanamke mzee mwenye hasira.

"Nani kachukua sinia langu? Maharage nitachambulia wapi, kichwani?"

Pepo mia wanamngoja shujaa nyuma ya lango, na bibi wa watu anatafuta sinia.

Fundi aliweka kalamu chini taratibu. Alikumbuka kila kitu. Ili apate mlio wa kokoto, alimwaga maharage makavu kwenye sinia la Bibi, akaliweka kwenye sakafu ya jikoni, akawa anayakanyaga kwa viatu vya baba yao huku kinasa sauti kikiwa pembeni. Bibi akaingia akilitafuta sinia lake. Fundi alimkata Bibi kwenye nyayo zote isipokuwa zile za Lango la Tatu, ambazo alizisahau. Siku ya kwanza kucheza, Sikio alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, kisha akaomba: "Mdogo wangu, usimtoe. Niachie Bibi langoni." Kinasa sauti kile kilipotea wiki ileile, na hakijaonekana tena.

"Mmeniibia," Fundi alisema.

"Lugha, tafadhali," alisema Bwana Kifungu.

"Mmechukua nyayo zangu, mkaacha kengele. Mmechukua mapambo, mkatupa fimbo ya kipofu! Halafu mnaniita hapa nitie saini kwamba ni zenu?"

"Dada, kokoto ni kokoto. Kila mtu anaweza kurekodi kokoto."

"Na Bibi je?"

Bwana Kifungu aliigeukia skrini. "Huyo ni mwigizaji wetu. Ni pepo wa jikoni. Tumeongeza uhai kwenye ngome."

"Pepo anachambua maharage?"

"Ni ubunifu," alidakia Chawa.

Sikio aligeuza uso taratibu kuelekea ilikotoka sauti ya Chawa. "Chawa, wewe Bibi unamjua. Umekula kwake mara ngapi? Sauti hiyo umeisikia ikikutuma dukani."

Chawa akashughulika na zipu ya koti lake.

Fundi akaivuta karatasi ya kanuni na kuanza kuisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Mtu anayetafuta uzi uliokatika ndani ya cherehani hashindwi kupata mstari kwenye karatasi.

"Kifungu cha tisa. 'Toleo lolote litakalokutwa na sauti ya mtu asiyetoa ridhaa yake kwa maandishi litaondolewa mara moja.' Ni wewe uliyeandika?"

"Hicho ni kwa ajili ya wachezaji."

"Imeandikwa toleo lolote. Na lenu ni toleo. Haya, liondoe."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Bwana Kifungu akaanza kukisoma upya kifungu chake mwenyewe. Sikio akatabasamu. Fundi akachukua mkoba wake.

Lakini mtu wa aina ya Bwana Kifungu hapigwi mara moja akalala. Alivuta droo, akatoa faili la kijani, akatoa ndani yake karatasi moja, akaisukuma juu ya kioo kwa kidole kimoja.

"Ridhaa ipo," alisema.

Fundi aliitazama. Saini ya Bibi anaijua, ina mkia mrefu unaorudi nyuma na kuzunguka jina lote. Ilikuwa yenyewe.

"Soma," Sikio aliomba. "Fundi, nisomee."

"'Nimepokea sinia moja jipya. Natoa ridhaa sauti yangu itumike katika mchezo bila kudai chochote.'" Fundi aliitafuta tarehe. "Ni ya mwezi uliopita."

"Dakika mbili zilizopita alikuwa mwigizaji," alisema Sikio.

"Ni mwigizaji aliyetoa ridhaa," alijibu Bwana Kifungu, na uso wake haukuona haya hata kidogo.

Sinia jipya! Fundi alilikumbuka sasa, linang'aa juu ya kabati la Bibi, na Bibi akisema limeletwa na "kijana mmoja mwenye adabu". Alimgeukia Chawa.

"Ni wewe."

"Nilimpelekea zawadi tu. Akasaini kwamba ameipokea. Kosa langu nini?"

"Ulimwambia ni ya kupokea sinia?"

"Ni mzee, Fundi. Ningeanza kumweleza mambo ya mchezo ningemaliza lini? Wazee wenyewe wanasaini chochote."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alitamani kurusha jagi la maji, na mimi ninayesimulia nasikitika kuwaambia kwamba hakulirusha. Aliuma meno, akatoa simu, akapiga nyumbani kwa Bibi, akaweka spika, akailaza simu juu ya kioo.

Bibi anakaa mitaa miwili tu nyuma ya ofisi hizo. Simu iliita mara saba.

"Nani?"

"Shikamoo Bibi. Ni mimi. Ulitia saini karatasi ya Chawa?"

"Marahaba. Nilitia, ndiyo."

Bwana Kifungu alifungua viganja vyake viwili, kama kusema mmesikia wenyewe.

"Bibi, walikudanganya!" Fundi alikaribia kulia. "Haikuwa ya sinia!"

"Nani kakwambia nilidanganywa?" Bibi alikuja juu. "Mimi nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja. Wakati huyo kijana anatafuta kiberiti jikoni nilishaisoma mara mbili. Anadhani nywele zikiwa nyeupe na macho yameota ukungu! Hapo mlipo kuna nani mwingine?"

"Meneja wao wa kanuni, Bibi."

"Mwambie ageuze karatasi."

Bwana Kifungu akatazama saa yake.

"Ageuze karatasi! Kwani Kiarabu hicho? Upande wa mbele, chini ya mkia wa saini yangu, nimeandika kwa herufi ndogo 'tazama nyuma'. Mwezi mzima mmekaa nayo, hamjui kutazama nyuma?"

Fundi akaigeuza. Mwandiko wa karani, umenyooka kama umepigwa rula, ulikuwa umejaza nusu ukurasa. Akausoma akishindwa kuzuia kicheko.

"'Ridhaa hii inadumu iwapo tu nyongeza ya mjukuu wangu, nyayo pamoja na kengele zake, itaachwa wazi kwa kila mchezaji asiyeona, katika mchezo wa zamani na mpya. Siku ikifutwa, ridhaa hii nayo imefutika.' Pana saini. Na tarehe. Na hapa kuna shahidi, Bibi, ni nani?"

"Jirani. Yule mstaafu wa posta."

Bwana Kifungu akamgeukia Chawa. Chawa akalitazama koti lake. Mwanaume mzima alibeba karatasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, akaitoa nakala, akaitia kwenye faili la kijani, na hakuna hata mmoja katika jengo zima la ghorofa nane aliyejisumbua kuipindua. Bibi kizee, sinia, maharage. Wa nini kumsoma?

"Basi tumeelewana," alisema Sikio. "Kengele zinaingia kwenye toleo jipya, nyongeza inabaki. Fundi, twende. Nina zamu saa nane."

Na hapo, msomaji, ningeweza kufunga daftari langu na kwenda kunywa chai. Lakini nilisahau kukuambia kwamba Chawa alikuja na kompyuta yake ndogo, na kwamba hakuna kiumbe hatari kama mpambe anayetaka kujikosha mbele ya bosi wake.

Chawa alibonyeza mara mbili. Akabonyeza ya tatu. Akainua uso ukiwa unang'aa jasho.

"Nimeshafuta, bosi!"

"Umefuta nini?"

"Nyongeza yake. Yote. Nimeitoa ghalani, nyayo, kengele, kila kitu. Sasa atathibitisha vipi kwamba ni zake? Hakuna ushahidi!"

Sikio alitoa kichezeo chake mfukoni, kile cha mchezo wa zamani anachotembea nacho kila mahali, akavaa kisikizio kimoja. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Fundi," alisema. "Mbona kimya?"

Fundi alishika ukingo wa meza. Yeye mwenyewe alitaka sauti zote zikae ghalani, mchezo uzichote huko kila unapowashwa, ili vifaa vya watu wasio na uwezo visijae. Kompyuta yake ilipokufa mwaka juzi hakuhangaika hata kidogo. Kila kitu kiko ghalani, alisema, na ghala analo rafiki yetu Chawa. Huruma yake ndiyo iliyomponza. Watu mia nne, kila mmoja kwake, sasa hivi walikuwa wamesimama katikati ya ngome bila kujua ukuta uko wapi.

"Siko popote," Sikio alinong'ona. "Mdogo wangu, siko popote."

Bwana Kifungu alikiegemea kiti chake, akapumua, akatabasamu tabasamu la kwanza la siku. "Ni bahati mbaya. Lakini ilibaki nusu saa tu. Kifungu cha—"

Hakumaliza, kwa sababu Sikio aliinua kidole.

"Na kwenu je? Mbona kwenu pia kimya?"

Wote wakageukia ukutani. Shujaa alikuwa bado anatembea juu ya kokoto. Hakuna kwacha. Akafika langoni, akalisukuma, mdomo wa lango ukafunguka, hakuna mlio. Akachomoa upanga. Kimya. Shujaa wa kutisha alikuwa anapigana na pepo mia ndani ya bakuli la samaki.

"Washa sauti!" Bwana Kifungu alifoka.

"Imewashwa, bosi."

"Sasa nini hiki?"

Chawa aliitazama kompyuta yake. "Si mlisema tusipoteze muda kurekodi... nikaunganisha mchezo mpya moja kwa moja na ghala. Kwa hiyo nao unachota... ulikuwa unachota... kutoka kwa Fundi."

"Rudisha!"

"Ikifutwa imefutwa. Ni kanuni zetu, bosi. Kifungu cha kumi na nne."

Lo! Ningelipa nauli ya wiki nzima niuone uso ule. Walitunga kanuni za kuwazuia watu kugusa sauti za mchezo, kumbe mchezo wenyewe hauna sauti hata moja ya kwao. Uzinduzi kesho asubuhi, mabango yamejaa barabarani, na ridhaa ya Bibi nayo imefutika pamoja na nyongeza, kama alivyoandika.

"Una nakala, mheshimiwa?" Bwana Kifungu alimwuliza Fundi. Safari hii hakusema dada. Alisema mheshimiwa.

"Sina," Fundi alijibu, na machozi yakamtoka kweli.

"Nyie!" simu ikapaza sauti juu ya kioo. Walisahau kwamba Bibi bado yuko hewani. "Mnalia nini?"

"Bibi, wamefuta zile sauti zote," alisema Sikio. "Mpaka za langoni."

"Kile kidude chako cha kunasia sauti, mjukuu wangu, hakikupotea. Ulikiacha ndani ya sinia langu. Na mimi kinachoachwa kwenye sinia langu ni changu."

Fundi alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Bibi! Kiko wapi?"

"Kwenye sanduku, chini ya kitanda. Humo zimo nyayo, zimo kengele, nimo na mimi nikigomba. Mwambieni huyo bwana wa vifungu aandae karatasi tupu. Safari hii naandika mimi."

Sikio alipiga meza kwa furaha. Fundi akamkumbatia.

"Ngojeni nikitafute," Bibi aliendelea. "Simu naiacha mezani hapa, msikate. Goti hili haliniruhusu kukimbia."

Wakangoja. Kwenye spika ilisikika ndala ikijiburuta kuelekea chumbani, kisha mbao za sanduku zikilalamika.

Bwana Kifungu ghafla akawa mpole. Alimsimamishia Fundi kiti, akammiminia maji. Akasema kengele ni wazo zuri sana, kwa kweli tangu mwanzo yeye alizipenda. Akauliza vyerehani siku hizi vinaharibika wapi zaidi, kwenye mkanda au kwenye meno ya chini? Mke wake anacho kimoja, kinakata uzi. Akaeleza habari za uzi huo kwa dakika nzima, na nyingine, na nyingine.

Msomaji, mtu aliyekunyima kiti asubuhi akikumiminia maji mchana, hesabu watu waliomo chumbani.

Fundi hakuhesabu. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hahesabu. Sikio ndiye aliyekunja uso. Zulia la chumba kile ni nene, linameza nyayo zote. Alikuwa anasikiliza simu.

"Nyamazeni," alisema.

Kwa mbali, nje ya nyumba ya Bibi, kwenye saruji ya barazani, kulikuwa na mlio. Kwi. Kwi. Kwi.

"Fundi. Chawa amekaa?"

Fundi aligeuka. Kiti cha Chawa kilikuwa kitupu, kompyuta imeachwa wazi. Bwana Kifungu alikuwa anachunguza kucha zake.

Hodi ikabishwa. Moja, mbili, tatu, kwa adabu.

"Bibi, usifungue!" Fundi alipiga kelele. "Bibi! Bibi!"

Lakini simu ilikuwa peke yake mezani. Ndala zilijiburuta kutoka chumbani, zikapita mbele yake bila kusimama, zikaelekea mlangoni. Komeo likavutwa.

"Karibu, mwanangu," ilisikika sauti ya Bibi. "Mbona unahema hivyo? Umeleta sinia jingine?"